Kibanda au Kabati

Mara ya kwanza kumtia machoni, alikuwa amepiga magoti uani kwangu, bisibisi mkononi, anafungua bawaba za mlango ambao hakuwa ameununua.

Mimi nauza milango iliyotumika. Nyumba ikivunjwa popote mjini, hufika kabla vumbi halijatulia. Nachukua milango, madirisha, nondo na mbao, naja kuviegemeza uani mpaka apite mjenzi mwenye haraka. Wezi nawajua kwa sura zao zote: wapo wanaokuja wakinong'ona, wapo wanaokuja kuomba maji. Huyu hakuwa na dalili hata moja. Alikuwa anapiga mluzi.

"Binti," nikamwambia, "huo mlango una mwenyewe."

"Najua, mama. Ndiyo maana nauacha."

"Na hizo bawaba?"

"Hizo nazichukua. Sema bei."

"Siuzi bawaba. Mlango bila bawaba ni ubao."

"Huu ni ubao tayari. Umepinda huku, umeliwa na mchwa huku. Hakuna atakayeuchukua hata umfungie na nyumba yake. Ila bawaba zake ni zile za zamani, za pini. Ukichomoa pini, mlango unatoka mzima. Za siku hizi hazitoki mpaka uvunje kitu."

Nikamtazama vizuri. Mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili, penseli sikioni, suruali imekauka gundi magotini. Mtu anayekupunguzia bei ya mali yako akiwa bado amepiga magoti mbele yako, huyo si wa kufukuza. Nikamwambia bawaba atazipata, lakini kwa kazi. Anitengenezee meza ya kupokelea wateja pale getini, na kiti cha mteja. Kiti nikakipa masharti: kiwe kifupi, kiinamie mbele kidogo, mtu akikikalia achoke upesi, akubali bei aende zake.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Meza nitakutengenezea. Kiti cha kumtesa mtu sitengenezi."

"Ni kiti changu."

"Na mkono ni wangu."

Kesho yake alikuja asubuhi, akakaa juu ya tofali karibu na geti, hakushika hata msumari. Nilipobishana na wateja, alinitazama. Nilipokwenda nyuma kuonyesha dirisha, alinifuata kwa macho. Nikamuuliza ataanza lini. Akasema ameshaanza. Nikaona nimepata mvivu mwenye maneno.

Siku chache baadaye akaleta meza. Upande wangu ilikuwa juu, inanifika kiunoni, kwa sababu aliona kwamba nikianza kuvutana bei huwa sikai hata siku moja. Upande wa mteja kulikuwa na kiti chenye mgongo, kipana, cha raha. Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika. Yeye akachukua bawaba zake, akaondoka. Wiki haikuisha nikaanza kuona jambo: mtu akikaa vizuri kwenye kiti chako, anaona haya kuondoka mikono mitupu. Sikumwambia. Ukimsifu fundi umempandishia bei.

Jina la Bawaba alipewa na mafundi wenzake kwa dhihaka, kwa sababu hakuna alichotengeneza kisichofunguka mahali fulani. Alianzia kwenye duka kubwa la samani katikati ya mji, la vioo mbele, akiunganisha vitanda na meza zinazokuja ndani ya maboksi. Keshia wa pale alikuwa mfupi. Kiti chake kilikuwa kirefu, meza ndefu zaidi, na miguu ilining'inia mchana kutwa mpaka jioni inavimba. Siku moja bosi akiwa safarini, Bawaba alichukua msumeno akakata miguu ya meza, na ya kiti pia. Bosi aliporudi akaikuta meza imefupika, akadhani ameibiwa na kuletewa nyingine.

"Akakufukuza," nilimwambia aliponisimulia.

"Mimi ndiye niliyemfukuza. Niliyeondoka ni mimi tu, basi."

Baada ya hapo karakana zote za mji zilimtaka, lakini zilimtaka apige msasa kazi za wanaume wengine. Akapiga kwa muda. Kila alipofungua mdomo kusema meza hii itamvunja mtu mgongo, aliambiwa mteja hakulipia mgongo. Nyumbani alikuwa na mama yake, fundi cherehani, aliyeinama tangu ujana juu ya meza ya kulia chakula aliyoigeuza ya kushonea. Mama alisema mgongo wake ni uzee. Binti alikuwa akimjibu, na wote wawili walikuwa wakikasirika, "Siyo uzee, mama. Ni meza."

Siku aliyorudi kwangu hakutaka bawaba.

"Mama Milango, nikodishie ukuta."

"Ukuta haukodishwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza."

Ukuta wangu wa nje ni mrefu, mtupu, unatazama barabara yenye watu wengi. Chini yake walikuwa wakikaa watu wa kazi ndogondogo. Alikuwapo fundi viatu tuliyemwita Mzee Soli, amekaa juu ya debe. Alikuwapo msusi na fundi simu. Mama yake Bawaba naye alikuwa ameanza kuleta cherehani yake hapo, kwa sababu nyumbani wateja hawafiki. Wote walifanya kazi karibu na ardhi kama waliodondosha kitu wakawa wanakitafuta. Bawaba alitaka ukuta huo, na alitaka ile milango yangu isiyouzika, mipana mno, mifupi mno, yenye matundu ya vitasa vilivyokwisha sahaulika. Naye angenirekebishia kila mlango utakaoingia uani ukiwa na kasoro. Tukapeana mikono. Niliona nimemlalia.

Alianza tena na mtindo wake wa kukaa na kutazama. Msusi akamuuliza kama anamdai mtu pale. Kisha akaanza kukata.

Kila mlango aliukata katikati kwa upana. Nusu ya chini aliifunga bawaba upande wa chini, ukiivuta inashuka na kuwa meza, inashikwa na mnyororo. Nusu ya juu inapanda na kuwa kivuli, inashikwa na fimbo. Nyuma ya nusu hizo, sanduku jembamba la rafu za vifaa limetundikwa ukutani. Lakini hakuna nafasi iliyofanana na nyingine. Meza ya Mzee Soli ilishuka mpaka usawa wa magoti, kwa sababu fundi viatu hufanya kazi mapajani, na mbele ilikatwa nusu duara kama iliyong'atwa, kitambi kiingie humo na misumari isianguke. Ya fundi simu ilizungushiwa ukingo, skrubu zisivingirike, na kivuli chake kilishuka zaidi ili aone vioo vya simu. Msusi hakupewa meza kabisa. Alipewa kiti cha mteja kilicho chini na ubao wa kuegemea kiuno chake mwenyewe, asimame bila kusimama, vitana vimening'inia mahali mkono wake ulipokuwa ukienda kuvitafuta hata kabla havijawekwa. Ya mama ilikuwa juu, cherehani imezamishwa ndani ya ubao, kitambaa kilale sawa. Mgongo wa mama haukunyooka. Mgongo uliokwisha kupinda haunyooki. Ila jioni aliacha kutembea amejishika kiuno, na hakumwambia binti yake neno, naye binti hakuuliza.

Mwisho wa ukuta Bawaba alijitengenezea mahali pake. Huko hakutaka bawaba. Alijenga meza ya kurandia, miguu ya chuma imechimbiwa kwenye saruji, jiliwa la kubania mbao limefungwa kwa bolti. "Meza ya kuranda lazima iwe nzito," alisema, "la sivyo unaranda hewa."

Hapo ndipo mji ulipotukumbuka.

Gari la matangazo lilipita likisema kwa spika kwamba vibanda vyote vya kando ya barabara viondolewe kabla ya mwisho wa wiki. Nyuma yake alikuja kwa miguu kijana wa ofisi ya mji tuliyemwita Bwana Brashi, ana kopo la rangi nyekundu. Alisimama mbele ya nafasi ya Mzee Soli.

"Hiki ni nini?"

"Kabati," Bawaba akasema.

Mimi mwenyewe niligeuka kuangalia kama kuna kabati.

"Kabati liko nyumbani kwa mtu," akasema Bwana Brashi.

"Na huu ukuta ni wa nyumbani kwa nani? Kwa Mama Milango. Ameweka makabati ukutani kwake."

"Kwa nje."

"Kwani ukuta una upande ambao siyo wake?"

Bwana Brashi akajikuna sikio kwa mpini wa brashi. "Kabati huingia nguo. Hapa nimeona ameingia mtu."

"Ameingia wapi? Amekaa mbele. Wewe nyumbani hukai mbele ya kabati ukivaa soksi?"

"Mimi, dada yangu, sikutumwa kubishana. Kabati au kibanda, mkubwa wangu atakuja kuamua. Mimi napaka." Akapaka. Kwenye kila mlango, kwa herufi kubwa zilizochuruzika, aliandika ONDOA. Kwenye milango yangu.

Alipokwisha kupinda kona nikamvuta Bawaba pembeni.

"Ng'oa leo. Wakija na mitaimbo wanachukua mbao, wanachukua vifaa, na milango yangu inapanda pikapu yao. Vitu nilivyo navyo mkononi sivichezei."

"Sing'oi."

"Utapata ukuta mwingine."

"Wapi? Nimezunguka mji huu mpaka mbwa wananijua. Kila mlango niliobisha walinipa msasa. Hapa ndipo mahali pekee ninapotengeneza kitu kikakaa kama mtu anavyokaa. Nikitoka hapa, mama, mimi ni mpiga msasa tena, na hawa wanarudi chini. Sing'oi. Na hili ni kabati."

"Ni kibanda, binti. Kila mtu anakiita kibanda."

"Basi hapo ndipo kasoro ilipo," akasema. "Tutaanzia hapo."

Akawakusanya. Akawaeleza kwamba mkubwa akija hatasikiliza jina peke yake, atasikiliza na kinachofuata. Mtu aliyezoea kusema kibanda, hata akikumbuka kukiita kabati, atasema kimefungwa, kile changu, kinavuja. Neno moja dogo litawamwaga wote. Kwa hiyo kuanzia siku ile hakuna ki. Ni limefungwa, lile langu, linavuja.

"Mimi ki nimeizoea," Mzee Soli akalalamika. "Kiatu, kisigino, kisu. Maisha yangu yote ni ki."

"Kiatu kibaki kiatu, mzee. Hili ni kabati."

"Na kikivunjika?"

"Likivunjika."

"Unaona? Hata kuvunjika sasa ni mpaka nifikirie."

Wakakubaliana kwamba atakayeteleza atafagia mbele ya ukuta mzima. Mzee Soli alifagia Jumatatu, alifagia Jumanne, Jumatano alifagia mara mbili. "Mzee," msusi akamwambia, "endelea hivyohivyo, huku hakujawahi kuwa safi." Mama yake Bawaba hakuteleza hata mara moja, kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache na midomo yake muda wote ilishika pini.

Mkubwa alikuja Ijumaa asubuhi. Mwanamume mfupi, viatu safi, sauti ya chini, mikono nyuma. Bwana Brashi alimfuata na kopo lake, na nyuma yao pikapu yenye vibarua wawili na mitaimbo. Nilikuwa nimewaambia wafunge kila kitu, kwa hiyo aliona ukuta, milango imelala juu yake, na viti vimepangwa chini, basi. Akasimama kwa Mzee Soli.

"Hili ni la nani, mzee?"

"Langu, bosi. Lile la mwenzangu, lile la msusi. Hili limefungwa, lile limefungwa, yote yamefungwa."

Nilidhani atasongwa na hizo li. Mkubwa akatikisa kichwa, akasogea mpaka kwa mama.

"Na la kwako, mama, linafunguka vipi?"

Mama akatoa pini midomoni kwa heshima. "Kinafunguka hivi tu, baba. Ukikivuta kinashuka."

Msusi akafumba macho.

"Kinafunguka," mkubwa akarudia polepole, kama anayeonja chumvi. "Kabati linafunguka. Kinachofunguka ni nini, mama?"

"Kitasa," nikadakia. "Anasema kitasa, mheshimiwa. Mimi nauza milango, vitasa vyangu navijua."

"Na kitasa kinashuka?"

"Vya zamani vinashuka."

Akanitazama, akatabasamu kidogo. Alikuwa mtu wa biashara moja na mimi, sema yeye alikuwa akiuza ruhusa. Kisha akanipa kisogo.

"Mama, niambie mwenyewe, bila kusaidiwa. Ni kabati au ni kibanda?"

Mama akamtazama binti yake. Vidole vyake vikaanza kukunja pindo la kanga, kunja, kunja, kama anayetia marinda. Yule alikuwa mwanamke anayemfuata mteja mpaka kituoni kumrudishia kifungo kilichobaki. Uongo angeujulia wapi?

Bawaba akaja kutoka mwisho wa ukuta, vumbi la mbao kichwani, akasimama kati yao.

"Usimuulize mama yangu kama aliyekamatwa. Niulize mimi. Ni kibanda."

Ikatoka sauti ya Mzee Soli: "Na mimi nimefagia wiki nzima kwa ajili ya nini?"

Mimi nilikuwa nahesabu milango yangu kwa macho, naiona imepanda pikapu.

"Basi maneno yamekwisha," mkubwa akasema, akawapa vibarua ishara.

"Hayajaisha. Kaka," Bawaba akamgeukia Bwana Brashi, "hapa umeandika nini?"

"Ondoa."

"Hukuandika bomoa."

"Hapana."

"Wala choma."

"Nimeandika ondoa, dada yangu. Si unasoma?"

"Nani aondoe?"

Bwana Brashi akamwangalia mkubwa wake. "Mwenyewe," mkubwa akasema. "Mwenyewe akishindwa, ndipo mji unavunja."

"Sisi hatujashindwa. Tunaondoa. Tunaondoa leo jioni, tunaondoa kesho jioni, na kila siku ya Mungu jioni tunaondoa. Asubuhi tunaleta. Mmeandika ondoa. Hamkuandika usirudishe."

Vibarua wakashusha mitaimbo chini kusikiliza vizuri. Mkubwa hakukasirika, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Aliuendea mlango wa mama, akaugonga kwa kidole.

"Ukikikunja hujakiondoa. Kinabaki ukutani."

Bawaba akachukua nyundo na msumari mnene. Akagonga pini za bawaba kutoka chini, moja, ya pili, zikaruka. Akakumbatia nusu ya mlango, akaitoa. Akatoa ya juu. Akatungua sanduku la rafu kwenye ndoano zake pamoja na mikasi na bobini, akaliweka chini bila hata uzi kudondoka. Ukutani vikabaki vichuma vidogo vya kushikia pini.

"Na hivyo?" mkubwa akauliza.

"Hivyo ni vya Mama Milango. Ukuta wake hauruhusiwi kuwa na chunusi?"

Kibarua mmoja akacheka, akageuza kicheko kikohozi.

"Na vibanda vinalala wapi?" mkubwa akauliza.

"Humo." Akaonyesha geti langu.

"Humo wapi?" nikauliza mimi.

Wote wakanigeukia. Hakuna aliyeniuliza chochote kabla ya hapo, na ndani ya ua wangu lori lilikuwa linageuka kwa shida hata bila vibanda vya watu. Nikisema hapana, milango yangu inakwenda kwa mji. Nikisema ndiyo, nimetoa bure. Nikamwambia Bawaba kwamba masharti tutazungumza baadaye.

"Zungumza sasa," akasema. "Mheshimiwa ana haraka."

Kumshika mtu bei mahali ambapo hawezi kuondoka, hilo alijifunza akiwa amekaa juu ya tofali getini kwangu. Nikasema sawa, vilale uani, visizibe njia ya geti. Hilo ndilo sharti pekee nililopata.

Mkubwa akafikiri, macho yapo kwenye viatu vyake. "Jioni huwa napita huku nikienda nyumbani," akasema hatimaye. "Nikikuta ukuta mtupu, nitajua agizo limetekelezwa. Asubuhi napita njia nyingine." Akaanza kuondoka, akasimama mwisho wa ukuta. "Lakini hii."

Ilikuwa meza yake Bawaba mwenyewe. Miguu ya chuma ndani ya saruji. Hiyo haikuwa na pini.

"Hiyo inavunjwa leo," mkubwa akasema. Vibarua wakasogea.

"Acha," Bawaba akawaambia. "Hakuna mkono wa mji utakaoshika meza yangu. Nipe huo mtaimbo."

Kibarua akampa, nadhani bila kujua kwa nini. Alifungua jiliwa kwanza, akalipangusa, akalifunga ndani ya koti lake. Kisha akaivunja ile meza. Ilikuwa imejengwa vizuri, na kitu kilichojengwa vizuri hakivunjiki upesi. Jua likapanda. Mkubwa na Bwana Brashi walisubiri wamesimama wima, na pale ukutani, ambapo kulikuwa na viti vya kila namna ya kukaa, hakuna aliyewakaribisha. Msusi alitandaza kanga juu ya kiti chake mwenyewe, akasema amekichafua mafuta. Bawaba hakuacha mpaka mguu wa mwisho wa chuma ulipong'oka na donge lake la saruji. Akaukokota mpaka miguuni pa Bwana Brashi.

"Umeondolewa. Paka rangi ukitaka."

Walipoondoka nikaona hapo ndipo pa kumnasa. Nyuma ya ua nina banda lenye paa, sakafu ya saruji, nafasi ya kutosha. Nikamwambia achimbie jiliwa lake humo anavyotaka, na asahau habari za mji, kwa sharti moja: afanye kazi zangu tu.

"Huko nyuma watu wanapita?"

"Wateja wangu wanapita."

"Nimeuliza watu, mama."

"Hapana."

"Basi hapana. Mimi natazama watu wakifanya kazi. Huko nitatazama nini, milango?"

Nikapunguza sharti, nusu ya kazi ziwe zangu. Akakataa. Nikaliondoa sharti lote, nikamwambia akae bure, jambo ambalo sijamfanyia hata ndugu yangu wa damu. Akasema kukaa ndani ya geti la mtu siyo bure, na kwamba mimi ndiye wa kwanza kulijua hilo. Akaenda kununua mkokoteni.

Juu ya mkokoteni akajenga meza nyingine. Aliupa miguu ya kuegemea pembeni, akaujaza nondo zangu za madirisha chini kuwa uzito, na bado ulitikisika alipoegemea randa. Akaujaribu kila mahali kando ya ukuta. Mwisho akausukuma mpaka getini, akaufunga kwa mnyororo kwenye nguzo na kwenye geti lenyewe, na hapo ukatulia kama uliozaliwa pale.

Alichopoteza nakijua. Kazi kubwa hawezi tena, mkokoteni haubebi ubao mrefu. Ofisi moja mpya ilimtaka awatengenezee meza za wafanyakazi wote, alikwenda akawatazama siku nzima, akarudi akijua anachotaka kufanya na hana pa kukifanyia. Kazi ikaenda kwa lile duka la vioo mbele, meza zote kimo kimoja. Alipopata habari alitema msumari uliokuwa mdomoni, akachukua mwingine. Alichobaki nacho ni ukuta. Watu wa mitaa mingine waliovunjiwa vibanda wanamfuata, na yeye anakwenda kukaa juu ya matofali yao kuwatazama, kisha anakuja kwangu kuchukua milango. Ile isiyouzika imekwisha. Sasa anachukua mizuri, naye hushusha bei vilevile alivyoishusha siku ile ya magoti.

Mimi nimepata soko na nimepoteza ua. Jioni napita humo kwa ubavu. Ufunguo wa geti anao Mzee Soli, kwa sababu yeye huwahi kutoa vitu alfajiri, na akiugua nasubiri nje ya mali yangu kama mgeni. Na Bawaba akiwa anaranda, geti halifunguki.

Juzi lori la mbao lilipiga honi hapo nje mpaka dereva akashuka. Nikamwambia Bawaba aondoe meza yake getini kwangu.

Hakuinua uso. "Jioni," akasema.

Tukazipitisha mbao juu ya ukuta, ubao mmoja mmoja.